Inafanana Siyo Inaendana

1.

Nimetoka zamu, nimeoga, mtoto kalala, chai iko mezani. Tuendelee na maongezi yetu ya Alhamisi.

Wiki hii nimepata swali moja lenye sura tatu. Mama wa kwanza kaniuliza inboksi: "Dada nesi, nimepata stripu za mashine ya sukari kwa bei rahisi, muuzaji anasema zinaendana na mashine zote. Ni kweli?" Wa pili kijiko cha kopo jipya la maziwa ya mtoto kimepotea, anataka kutumia kijiko cha kopo la zamani la kampuni nyingine. Wa tatu anamnunulia binti yake wa darasa la tano kompyuta ya mtumba, ameambiwa "inakubali kila kitu".

Mmeona? Wote watatu wameuziwa neno moja: inaendana.

Leo nitawajibu kwa kuzunguka kidogo. Nitawapitisha Marekani miaka ya 1980, kwenye kompyuta ndogo za kwanza na zile zilizotengenezwa kuziiga. Najua mtasema nesi na kompyuta wapi na wapi. Subirini, nina sababu ya kifamilia, mtaiona namba 5. Halafu sijaona mahali pengine ambapo neno "inaendana" lilijaribiwa hadharani kama pale, kwa hela za watu wengi namna ile.

2.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya mezani ikaiita IBM PC. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565. Kabla ya hapo IBM ilijulikana kwa mashine kubwa za kujaza chumba, zile za mabenki na serikali. Hii ndogo ilitengenezwa na timu iliyokaa Boca Raton, Florida, na walikuwa na haraka kweli kweli, walipewa kama mwaka mmoja tu.

Na mwenye haraka hachimbi udongo ili afinyange chungu, anaenda sokoni kununua kilichofinyangwa. Ndo walichofanya. Ubongo wa mashine, yaani prosesa, waliununua kwa Intel. Mfumo wa kuendesha kompyuta waliupata Microsoft, ule ulioitwa DOS. Sehemu kubwa ya vilivyobaki ilikuwa vitu ambavyo kampuni yoyote yenye hela ingeweza kununua pia.

Kitu kimoja kikubwa ndo kilikuwa cha IBM wenyewe. Kiliitwa BIOS. Ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu, ndiyo ya kwanza kuamka ukiwasha kompyuta. Yenyewe ndo inajua jinsi ya kuongea na kibodi, skrini na diski. IBM hata waliichapisha kwenye kitabu chao cha mafundi, kila mtu aisome. Lakini kuisoma ni halali, kuinakili ni wizi. Kumbukeni hilo.

3.

Kompyuta ikauzika kuliko walivyotegemea, na sokoni kitu kikiuzika huwa kinapata ndugu. Mwaka 1982 kampuni ya Columbia Data Products ikatoa kompyuta ya kwanza ya kuiga IBM PC. Hizi za kuiga ndo zikaitwa kloni, yaani kompyuta ya kampuni nyingine inayoahidi kufanya kila ambacho IBM PC inafanya.

Mwaka huohuo, huko Houston, mabwana watatu waliotoka kampuni ya Texas Instruments, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, wakaanzisha Compaq. Kompyuta yao ya kwanza ilikuwa ya kubeba. Msifikirie laptop ya kuweka kwenye mkoba. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 13, umbo kama cherehani ya kubeba na mpini juu. Wateja wakaanza kuipata mwaka 1983, na mwaka huo wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 50,000.

Walifanyaje BIOS bila kuiba? Hapa nilipenda, maana ni nidhamu kama ya wodini. Waligawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma BIOS ya IBM na kuandika kwa maneno inafanya nini: ukiombwa hiki, jibu hiki. Kundi la pili lilikuwa la watu ambao hawajawahi kuiona kabisa. Wao walipewa yale maelezo tu, wakaandika ya kwao kuanzia mwanzo. Matokeo yalikuwa kazi ileile kwa mwandiko mwingine, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Wengine hawakuwa na subira hiyo. Mwaka 1984 IBM iliwabana Eagle na Corona kwa kunakili BIOS yake, wakakubali kuacha na kuandika ya kwao. Mwaka huohuo kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza BIOS iliyoandikwa kwa njia safi kwa kampuni yoyote inayotaka kutengeneza kloni.

Hapo ungedhani mambo yameisha. Prosesa ileile, DOS ileile, BIOS inayofanya kazi ileile. Kumbe bado.

4.

Nitawaeleza tatizo kwa kutumia hospitali, maana hapo ndo nyumbani kwangu.

Mgonjwa akifika, utaratibu ni apite mapokezi, afunguliwe faili, aelekezwe kwa daktari. Sasa kuna watu wanaoijua hospitali yetu kuliko sisi tunaofanya kazi. Hawapiti mapokezi. Wanapita mlango wa nyuma kule jikoni, wanakata kulia, mlango wa tatu, wako kwa daktari wa watoto. Ni haraka na hakuna foleni. Mchukue mtu huyohuyo, mpeleke hospitali nyingine yenye mapokezi kama yetu, sare kama zetu na bango la rangi ileile. Atapita nyuma, atakata kulia, atafungua mlango wa tatu. Atajikuta stoo ya mashuka.

Kompyuta zilikuwa hivyo. DOS na BIOS ndo mapokezi. Programu ikitaka kuandika herufi kwenye skrini, utaratibu ulikuwa iombe mapokezi. Tatizo mapokezi yalikuwa yanachelewa. Waandishi wa programu, wakitaka kazi yao iende kasi, wakawa wanaruka mapokezi na kuandika moja kwa moja kwenye ile sehemu ya kumbukumbu inayolisha skrini. Walijua kwenye IBM PC iko mahali gani, wakaenda kugonga pale pale.

Programu maarufu ya mahesabu, Lotus 1-2-3, iliyotoka Januari 1983, ilifanya hivyo, ndo maana ilikuwa na kasi ya kushangaza. Mchezo wa kurusha ndege wa Microsoft, Flight Simulator, ulizidi. Wenyewe haukusubiri hata DOS, ulianza kutoka kwenye diski yake mwenyewe na kushika mashine nzima.

Sasa kulikuwa na kampuni zilizotengeneza kompyuta zenye DOS lakini vyumba vya ndani wamevipanga kivyao. DEC walikuwa na Rainbow, Texas Instruments walikuwa na yao, Tandy walikuwa na yao. Programu zenye adabu, zinazopita mapokezi, zilifanya kazi vizuri. Zile za njia ya mkato zilifungua stoo ya mashuka. Skrini nyeusi, au inaganda, mpaka uzime na kuwasha upya.

Na mteja dukani angejuaje? Kwa nje ni kompyuta, kibodi ni kibodi, DOS ni DOS.

Hata diski zilidanganya macho. Zile pana za inchi 5¼ zilikuwa za ukubwa mmoja, zinaingia kwenye tundu vizuri kabisa, halafu mashine haisomi kilichoandikwa na mwenzake.

5.

Sababu yangu ya kifamilia ndiyo hii.

Mwaka 1996 nilikuwa mdogo, naishi kwa baba mdogo Iringa. Baba mdogo alikuwa na taipureta moja na ndoto kubwa. Alitaka kufungua duka la kuchapa barua, kadi za harusi na mitihani ya shule. Kuna mgeni alikuwa anamaliza mkataba wake anaondoka nchini, anauza vitu vya nyumbani, ikiwemo kompyuta ya zamani. Baba mdogo akauza ng'ombe mmoja na magunia ya mahindi, akainunua.

Ilipofika nyumbani ilikuwa kama arusi. Tulikaa kwenye mkeka tunaitazama. Ikiwashwa inaunguruma, halafu inatoa ile herufi A na mshale. Baba mdogo aliandika amri moja aliyofundishwa, majina ya mafaili yakapanda kwenye skrini. Mama mdogo akapiga kigelegele.

Shule moja ikakubali kumpa kazi ya kuchapa mitihani ya muhula. Sharti lilikuwa atumie programu ileile ya kuchapa wanayotumia wao, ili waweze kusahihisha na kuchapisha kwao. Wakampa diski. Baba mdogo akaiingiza, akaandika jina la programu, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Akazima, akawasha, akarudia. Nyeusi. Alirudia mpaka usiku, sisi tukalala pale pale kwenye mkeka.

Kesho yake akaja fundi kutoka mjini. Hakufungua hata skrubu. Alijaribu diski mbili za kwake, akatikisa kichwa. Akasema maneno ambayo baba mdogo aliyarudia miaka mingi: "Mzee, hii inaongea DOS, lakini ndani siyo IBM."

Baba mdogo akasema, "Mbona inafanana?"

Fundi akamuuliza, "Siku unanunua, ulimuuliza nini mwenye nayo?"

"Nilimuuliza kama ina DOS. Akasema ndiyo."

"Basi hakukudanganya."

Ile kazi ya shule ilikwenda kwa mtu mwingine. Dada yangu, mtoto mkubwa wa baba mdogo, alikuwa anasubiri hela hiyo iwe ada yake. Alikaa nyumbani muhula mzima. Alirudi shule baadaye, alimaliza, sasa hivi ana watoto wake watatu na anasoma posti hizi. Lakini muhula ule haukurudi, na mpaka leo ukimwambia kitu "kinafanana" anakuangalia tu.

Kompyuta yenyewe haikuwa mbovu jamani. Ilikuja na diski zake za programu ya kuandika barua, hizo ilizifungua bila shida. Baba mdogo aliitumia kuandikia barua za watu wa mtaani kwa miaka kadhaa. Iliweza kazi nyingi, ila ile moja iliyouziwa ng'ombe haikuiweza.

6.

Nilipokuwa mkubwa nikaanza kusoma habari za mashine hizi, nikakuta baba mdogo hakuwa peke yake. Walioumia wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye.

Chukua Tandy 2000, iliyotoka mwishoni mwa 1983 na kuuzwa kwenye maduka ya Radio Shack kote Marekani. Kwa makaratasi ilikuwa bora kuliko IBM PC. Prosesa yake, 80186, ilikwenda mwendo wa megahezi 8 wakati ya IBM ilikwenda 4.77. Diski zake zilibeba mara mbili. Lakini vyumba vya ndani vilikuwa tofauti. Programu chache kubwa zilitengenezewa toleo lake maalumu, nyingine nyingi hazikutengenezewa. Watu wakaikwepa. Mwaka 1984 Tandy wakaja na Tandy 1000, ya mwendo mdogo zaidi lakini inayoendana na IBM. Hiyo ndo iliyopendwa.

Mama zangu, hapo pana funzo. Kitu kinaweza kuwa bora peke yake na bado kisikufae, kwa sababu hakikai vizuri na vitu vingine ulivyonavyo.

Halafu kuna hii inayotuhusu sisi wenye familia. IBM wenyewe walitangaza mwishoni mwa 1983 kompyuta ndogo ya nyumbani, kwa ajili ya wazazi na watoto, wakaiita PCjr. Bei ilianzia dola 669. Jina la kampuni ileile, ahadi ya undugu na kaka mkubwa. Wazazi wakatarajia programu za kazini zifanye kazi nyumbani. Nyingi zikagoma. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, na skrini ilikuwa inakula sehemu ya kumbukumbu hiyohiyo. Kibodi yake ya kwanza ililalamikiwa mpaka IBM wakawabadilishia wateja bure. Mwaka 1985 wakaacha kuitengeneza.

Kwa hiyo msiseme tatizo ni kopi. Compaq ilikuwa ya kuiga na iliendana. PCjr ilikuwa ya IBM halisi na ilikataa kazi nyingi za IBM PC. Jina juu ya boksi halikutosha kukujibu.

7.

Mpaka hapa nimewaeleza mashine zinazokataa. Kuna aina nyingine, hii ndo inayoninyima usingizi mimi kama nesi: inayokubali, halafu inafanya vibaya.

Michezo mingi ya mwanzo ilihesabu muda kwa kutegemea mwendo wa IBM PC ya kwanza. Mwandishi alijua prosesa inachukua muda fulani kuhesabu mpaka namba fulani, basi akaifanya iwe saa yake. Kloni za baadaye zikaja na mwendo wa megahezi 8 na zaidi. Mchezo ukawaka bila kugoma, lakini kila kitu kinakimbia kama sinema iliyoharakishwa. Hujashika hata kibodi, umeshapoteza.

Ndo maana kompyuta nyingi za kipindi kile zikawekwa kitufe kilichoandikwa Turbo. Jina linakuambia ni cha kuongeza mwendo. Kazi yake ya maana ilikuwa kukuwezesha kuupunguza, ili programu za zamani zipate mwendo zinaoujua.

Kwa hiyo kuna kutoendana kwa namna tatu. Kuna cha kukataa mlangoni, unajua mapema. Kuna cha kukataa katikati ya kazi, kama mashine ya baba mdogo. Na kuna cha kukubali na kukupa jibu lisilo sahihi bila kusema kitu.

Kwenye mchezo wa kompyuta hicho cha tatu ni kichekesho. Kwa mtoto siyo kichekesho.

8.

Sasa turudi kwenye maswali yenu, maana nilisema nitayajibu.

Stripu za sukari. Kuna usiku mmoja niko wodi ya watoto, akaja mama na kijana wake wa miaka tisa mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Saa nane za usiku mtoto kaamka anatoka jasho, anatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka. Mama akachukua mashine, akaweka stripu kutoka kwenye boksi jipya alilouziwa kwa kuambiwa zinaendana na zote. Upana uleule, rangi ileile, inaingia vizuri. Mashine ikaandika alama ya kosa. Akarudia tatu, kosa.

Huyu mama alifanya jambo moja kubwa. Hakusubiri namba. Mtoto alikuwa macho na anaweza kumeza, akamnywesha maji yenye sukari, akambeba mpaka kwetu. Tulipompima, hata baada ya ile sukari, alikuwa na 3.1. Tukamhudumia, asubuhi alikuwa anaomba chapati.

Nilimwambia hivi, na ninyi nawaambia: stripu lazima ziwe zimeandikwa jina na modeli ya mashine yako, na ziwe hazijaisha muda. Mashine ile ilimsaidia kwa kukataa. Stripu isiyo yake inaweza pia kukubalika na kutoa namba, na namba isiyo sahihi ndo inamfanya mzazi aongeze insulini au amnyime mtoto sukari anayoihitaji. Na ukiona dalili za sukari kushuka huna kipimo, usisubiri kipimo. Kama yupo macho na anameza, mpe sukari, kisha njoo. Kama amepoteza fahamu, usimpe kitu mdomoni, kimbia hospitali.

Kijiko cha maziwa ya kopo. Kwanza niseme la kazi yangu: mtoto chini ya miezi sita, maziwa ya mama pekee, isipokuwa pale mtoa huduma amekuelekeza vingine. Kwa walioelekezwa: kijiko cha kopo hili ni cha kopo hili. Kampuni hazijakubaliana ukubwa wa kijiko wala kiasi cha maji kwa kijiko kimoja. Vijiko viwili vinaweza kufanana mkononi lakini ujazo hautofautiani kwa macho. Maziwa yakizidi uzito yanamkausha mtoto na kumchosha figo. Yakiwa mepesi mno mtoto anashiba maji, haongezeki, na chumvi ya damu ikishuka sana anaweza kupata degedege. Kijiko kikipotea, nenda duka ulilonunua wakusaidie kupata cha kampuni hiyohiyo.

Na nyongeza ambayo hamkuniuliza: parasetamoli ya maji. Kuna chupa yenye miligramu 120 kwenye mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 kwenye mililita 5. Chupa zinafanana, ladha zinafanana, zote zimeandikwa za watoto. Ukizoea kumpa mililita 5 za ile ya kwanza, halafu ukanunua ya pili na kumpa mililita 5 zilezile, umempa zaidi ya mara mbili. Hakuna mashine ya kukuandikia alama ya kosa hapo. Ini la mtoto ndo litakalojua. Soma namba kila unaponunua chupa mpya, hata kama ni duka lilelile, na pima kwa kikombe au bomba la sindano lililokuja na dawa, siyo kijiko cha chai.

Simaanishi mnunue vitu vya bei ghali tu. Dawa nyingi tunazotumia wodini ni za kampuni nyingine zilizotengeneza dawa ileile baada ya mwenye nayo wa kwanza, na zikishasajiliwa na TMDA tunazitumia bila wasiwasi, maana zimepimwa. Hizo ni kama Compaq. Ninachokataa ni neno la muuzaji peke yake.

9.

Wale wanunuzi wa Marekani walijifunzaje? Walichoka na vibandiko. Kila boksi liliandikwa linaendana na IBM, mengine kwa asilimia wasizoweza kuzithibitisha. Basi watu wakaanza kwenda dukani na diski mbili: Lotus 1-2-3 na Flight Simulator. Waandishi wa magazeti ya kompyuta nao wakawa wanajaribu kwa hizohizo. Kwa nini hizo? Kwa sababu ndizo zilikuwa na njia nyingi za mkato. Ikipita hizo mbili, nyingine nyingi zitapita. Muuzaji akikuambia "usijali, inaendana", unamwambia vizuri, iwashe tuone ndege ikiruka.

Na soko likasafishika. Waliotengeneza kloni za kweli walibaki, waliopanga vyumba kivyao wengi wakaacha au wakabadilika. Mwaka 1986 Compaq ikatoa kompyuta yenye prosesa ya 386 kabla IBM hawajatoa ya kwao. Mwigaji kamtangulia aliyeigwa. Laptop nyingi mnazonunua leo za Windows ni wajukuu wa zile kloni.

Kwa hiyo mama wa kompyuta ya darasa la tano, jibu lako ni hili. Usiulize "inakubali kila kitu?" Muulize mwalimu programu gani watoto wanatumia, ziandike majina. Nenda nazo dukani kwenye flashi au hakikisha pana intaneti, ziwashwe mbele yako, binti mwenyewe akae azitumie dakika kumi. Wasikubali? Beba hela yako uende duka la jirani.

Kwa wote, maswali yangu matatu kabla ya kutoa hela:

Inaendana na nini hasa? Nitajie jina na modeli, siyo "zote".

Kwa kazi ipi? Ile ninayoihitaji mimi, siyo ile unayopenda kunionyesha.

Naweza kuijaribu hapa? Na kama ni kitu kisichojaribiwa kwa mtoto, kama dawa, maziwa na stripu, basi nionyeshe imeandikwa wapi.

Picheni skrini maswali hayo mweke kwenye simu. Mkitumiwa kitu na ndugu kutoka mbali, msome maandishi yake kabla ya kumshukuru (mkimaliza mumshukuru, ni adabu).

Kwenye komenti niandikieni kitu kimoja mlichouziwa kwa neno "inaendana" na kikawakataa. Msitaje majina ya maduka wala watu, tutajie kitu tu, ili wenzetu wajue cha kuuliza. Mwenye mtoto wa kisukari aje inboksi anitumie picha ya mashine na boksi la stripu, tutasoma pamoja taratibu.

Alhamisi ijayo tutaongelea kipimajoto: cha kwapani, cha sikioni na cha paji la uso, na kwa nini namba zao hazilingani. Usiku mwema. Kabla hamjalala, angalieni ile chupa ya dawa ya homa kabatini mwenu imeandikwa 120 au 250.